Tuwataje kwa Majina Waliokufa Vitani



Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Katika parokia na vigango vyetu waamini huleta majina ya wazazi, ya babu na bibi, ya watoto waliokufa wangali wachanga, nayo husomwa mbele ya altare. Ni desturi njema, kwa kuwa marehemu anayetajwa bado ana watu. Lakini lipo kundi moja ambalo majina yake ni nadra kusikika: wana wa Tarime na Serengeti waliovaa sare za jeshi, wakaenda mbali, wala hawakurudi. Juma hili napenda tuwatafakari hao na ndugu zao wa Afrika Mashariki nzima.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli za kijeshi ulitoka bandari ya Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo, Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa maofisa na askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine waliotumikia jeshi. Wapiga mizinga hao walikuwa safarini kuelekea vita dhidi ya Wajapani.

Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa makombora mawili. Kwa muda wa dakika chache tu, zipatazo tatu, meli ilizama. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Watu 1,297 walikufa; waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake sita.

Likafuata jambo zito. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, ziliisaka nyambizi ile iliyokuwa imejificha chini ya maji, karibu na mahali walipoelea walionusurika. Ili kuipiga, ilibidi kutupa mabomu yanayolipuka ndani ya maji wakati watu wale wakingali wanaogelea na kuomba msaada. Mabomu yakatupwa. Nyambizi hatimaye ilizamishwa, nayo ikazama na mabaharia wake karibu wote, ambao nao walikuwa watoto wa mama zao. Simwandikii msomaji haya ili amhukumu nahodha aliyetoa amri ile, maana meli nyingine za msafara zilikuwa hatarini. Nayaandika ili tuone vita humfikisha mwanadamu wapi: mahali ambapo kila njia iliyo mbele yake imelowa damu.

Sasa tutazame jinsi mataifa yanavyowakumbuka watu wao. Katika vita hiyohiyo Uingereza ilirusha ndege nzito za mabomu, na kila ndege aina ya Lancaster ilibeba watu saba. Kati ya wana-anga wapatao 125,000 wa kikosi chake cha mabomu, 55,573 waliuawa. Mabomu yao yaliua raia wengi katika miji ya Ujerumani, na Kanisa, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, lilitamka wazi kwamba kuiangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake ni uovu mbele ya Mungu na wanadamu. Hata hivyo watu wao hawakuwaacha bila majina. Huko Runnymede, karibu na London, mnara uliozinduliwa mwaka 1953 una majina zaidi ya 20,000 ya wana-anga wasio na kaburi linalojulikana.

Na sisi je? Wapiga mizinga wa Khedive Ismail wanakumbukwa katika Mnara wa Afrika Mashariki, kwenye Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Hilo ni jambo la heri. Bahati hiyo hawakuipata wapagazi na askari wengi wa vita kuu ya kwanza. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Pale Dar es Salaam sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927, na maelfu hupita mbele yake kila siku. Ni askari mmoja wa shaba, asiye na jina, anayesimama badala ya watu waliokuwa na majina.

Huku kwetu Mara suala hili si la mbali. Wakuria walijiunga kwa wingi na Keya, na baada ya uhuru wengi wakaingia Jeshi la Wananchi. Wakati wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, hata ndege ya mabomu ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ililenga Mwanza, na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Baadhi ya askari wetu walioanguka katika vita hivyo wamelala Kaboya, wilayani Muleba.

Lakini vita hivyo vilituletea pia bunduki. Baada ya mwaka 1979 silaha za kivita ziliingia katika wizi wa mifugo Tarime, na ugomvi uliokuwa wa mishale na mapanga ukazidi kuwa wa mauti. Hapa ndipo ninapoona hatari ya kumbukumbu nusu. Kijana akisikia kwa litungu sifa za shujaa tu, asisikie habari za mama aliyengoja barua isiyofika, atadhani bunduki ni heshima. Tukimtajia wafu kwa majina, atajua bei yake.

Wapo watakaosema: hao walipigania wakoloni, na wengine hawakuwa Wakatoliki. Ni kweli kwamba wengi walipigana vita visivyo vyao. Ndiyo sababu zaidi ya kuwaombea, kwa kuwa aliyewatuma hakuwadai kama wanawe, na nyumbani nako wamesahauliwa. Kanisa halimwombei marehemu kwa sababu bendera yake ilikuwa safi. Linawaombea wote, hata wale ambao imani yao inajulikana na Mungu peke yake.

Basi napendekeza jambo moja. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwaendee wazee wake kabla hawajatuacha, iwaulize: nani alikwenda Keya asirudi? Nani alikwenda Uganda asirudi? Majina yaandikwe, pamoja na kijiji na mwaka kama vinakumbukwa, yawekwe katika daftari la marehemu la parokia, na yasomwe kila Novemba. Vijana ndio wayaandike, kwa mikono yao wenyewe. Kazi hiyo haihitaji mchango wala mgeni rasmi. Inahitaji kalamu, na mzee mmoja anayekumbuka.

Nawatakia Dominika njema.