Gunia Lina Stakabadhi, Mchukuzi Hana

Gunia la korosho linapofikishwa katika ghala kuu mkoani Mtwara wakati wa msimu, hupokewa kwa heshima. Hupimwa kwa mizani, huchomwa bambo ili ubora wake ubainike, hutajwa daraja lake, na mwenyewe hupatiwa stakabadhi yenye saini na mhuri. Utaratibu huu, ulioanza kutumika kwa zao hilo mwaka 2007 chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, umekusudiwa kumlinda mkulima asipunjwe, nao ni wa haki kabisa. Gunia likipungua uzito, mtunza ghala hutakiwa kujieleza. Likilowana, barua huandikwa. Likipotea, polisi huitwa. Lakini yule ndugu aliyelitua kutoka kwenye lori, akalipandisha juu ya ubao mwembamba hadi karibu na dari, mara nyingi hakuandikwa katika daftari lolote. Akiteguka mgongo jioni ile, kesho yake nafasi yake hushikwa na mwingine, na hesabu za ghala hubaki zimelingana.

Haikusudiwi hapa kuwabeza watunza ghala, ambao wengi wao ni watumishi waaminifu wanaofanya kazi ngumu kwa vifaa haba. Kosa ni la fikra. Ghala limefikiriwa siku zote kuwa ni nyumba ya mali. Limejengwa ili mvua isiingie, panya asipenye, mwizi asivunje. Kwamba ni mahali pa kazi pia, ambapo watu huvuta hewa na kubeba mizigo kutwa kucha, ni jambo linalokumbukwa baada ya ajali.

Uzito ndio mwanzo wa dhuluma hiyo. Sheria ya vipimo hapa nchini imeweka kilo 100 kuwa kikomo cha gunia la mazao, na hata kikomo hicho huvunjwa mchana kweupe kwa ule mtindo wa lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba. Lumbesa imepigwa vita kwa sababu inampunja mkulima. Ni mara chache mno kusikia ikilaumiwa kwa kumvunja anayeibeba. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128, lilishauri kwamba mzigo anaobebeshwa mwanamume mzima mmoja usizidi kilo 55. Gunia la kahawa katika biashara ya dunia ni kilo 60. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Jirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za viazi za mwaka 2019, waliweka kilo 50. Haiwezi basi kudaiwa kwamba biashara itakufa endapo gunia la mahindi litapunguzwa.

Wapo watakaojibu kwamba wachukuzi wenyewe hulipenda gunia kubwa, maana hulipwa kwa gunia na wala si kwa saa. Hoja hii haifai kupuuzwa na watu wakaao ofisini. Gunia likigawanywa mara mbili, mwenye mzigo naye ataugawanya ujira mara mbili, na mchukuzi atakwenda safari mbili kwa malipo yale yale ya jana. Ndiyo maana kupunguza uzito peke yake ni nusu ya kazi. Ujira upangwe kwa tani, tena kwa kiwango kinachozingatia safari zilizoongezeka, na makubaliano hayo yabandikwe mlangoni pa ghala ili kila mmoja ayasome. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipoweka zana chini mwaka 1947, wakidai malipo na masharti bora ya kazi, hawakuwa wakiomba hisani.

Kuhusu upangaji wa magunia, kanuni zake zinajulikana na kila mtunza ghala aliyefundishwa: yakae juu ya chaga za mbao, yaachwe umbali wa kupita mtu kati yake na ukuta, na kila tabaka lifungane na lile la chini yake kama matofali. Siku hizi mfuko wa salfeti umechukua mahali pa gunia la katani, nao ni mtelezi. Safu iliyosimama salama kwa magunia ya katani inaweza kuporomoka ikiwa ni ya salfeti, hasa pale wenye haraka wanapochomoa mifuko upande mmoja tu au kutoka chini. Anayefukiwa na mifuko ishirini ya kilo mia hana muda wa kupiga kelele.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ndani ya ghala la nafaka haina kishindo. Dumuzi alipogunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa amesafiri kutoka huko kwao Amerika ya Kati, wakulima wengine walimpachika jina la Skania, kama lile lori. Mdudu huyu, pamoja na fukusi aliyekuwapo tangu zamani, aliulazimisha umma kutegemea dawa. Katika maghala makubwa dawa inayotumika sana ni vidonge vya fosfidi ya alumini. Kidonge kikikutana na unyevu uliomo hewani hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya hadi ndani ya punje na kumuua mdudu pamoja na kizazi chake. Ni dawa nzuri kwa kazi yake. Ubaya ni kwamba gesi hiyo haibagui kati ya mdudu na binadamu. Huushambulia moyo na mapafu, na haina dawa ya kuizimua. Kiwango ambacho baadhi ya nchi zimekiweka kwa mfanyakazi wa saa nane ni sehemu 0.3 tu katika sehemu milioni moja za hewa.

Wengi huamini kwamba harufu itawaonya, kwa kuwa gesi hii hunuka mithili ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Imani hiyo ni ya kuangamiza. Harufu inaweza isisikike wakati gesi imekwisha kuzidi kiwango, na pua iliyozoea haisikii kitu. Wengine hujifunga kitambaa usoni, au hutumia barakoa ile ya karatasi ya kuzuilia vumbi. Kitambaa huzuia vumbi, gesi hupita. Kinachofaa ni kinyago chenye kichujio maalumu cha gesi, pamoja na kipimo cha kuthibitisha kwamba hewa imesafika kabla mtu hajaruhusiwa kuingia. Ufukizaji huchukua siku kadhaa chini ya turubai zilizozibwa kingo kwa mifuko ya mchanga, kisha ghala lifunguliwe pande zote lipigwe upepo. Mlinzi anayejilaza ukutani mwa ghala linalofukizwa, kwa kuwa hapo ndipo penye ukuta wa kumkinga na baridi, amelala jirani na mauti. Hata majivu ya vidonge yabakiayo hayatupwi ovyo: yakirundikwa pamoja yakalowa, yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la maghala makubwa peke yake. Kila shule ya bweni ina stoo yake. Mwalimu anayesoma ukurasa huu anaweza kwenda kuitazama ya kwake leo mchana: magunia ya mahindi na maharage upande mmoja, chokaa na makopo ya rangi upande wa pili, dumu la mafuta ya taa nyuma ya mlango, na pengine tindikali ya maabara iliyohifadhiwa hapo baada ya kabati kuharibika. Je, ukuta wa stoo hiyo unapakana na bweni? Vidonge vya dawa huwekwa na nani, naye alifundishwa wapi? Watoto wanapotumwa kupakua lori la chakula, gunia la kilo mia hubebwa na wangapi? Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Stoo mbaya humdhuru mbebaji, kisha humfuata mlaji mezani.

Kwa watumishi wa serikali yapo mafunzo mengine, nayo yalitolewa kwa bei ya damu katika bandari ya Beirut. Tani zipatazo 2,750 za naitreti ya amonia, zilizoletwa na meli iitwayo Rhosus mwaka 2013, zilishushwa na kutiwa katika ghala namba 12 mwaka uliofuata. Zikakaa humo. Maofisa wa forodha waliandika kwa mahakama zaidi ya mara moja wakitaka shehena hiyo iondolewe. Barua zilipokelewa, zikafunguliwa majalada. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala liliwaka na kulipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na miongoni mwao ni kikosi cha zimamoto cha watu kumi waliotumwa kuuzima moto pasipo kuelezwa kilichomo ndani. Kila mwenye dawati anayaelewa majibu yaliyotolewa baadaye: suala lilikuwa linashughulikiwa.

Sheria hapa nchini haikosekani. Ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950 iliyoachwa na mkoloni. Inataka mahali pa kazi pasajiliwe na wafanyakazi wapimwe afya zao. Mwaka 2015 ukaanza pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tatizo ni njia ambayo mchukuzi huingizwa kazini. Mwenye ghala huzungumza na mnyapara, mnyapara hukusanya vijana langoni alfajiri, na jioni fedha hugawanywa chini ya mwembe. Akiumia mmoja wao, mwenye ghala husema huyo si mwajiriwa wake. Chama cha ushirika husema kilikodi huduma. Mnyapara hana ofisi. Kila mmoja amesema lililo kweli kwa upande wake, na majeruhi amerudishwa kwao kwa nauli ya kuchangiwa.

Minada ya korosho hufunguliwa kila mwaka panapo majira ya Oktoba, na kabla ya hapo maghala hukaguliwa kama paa linavuja na kama mizani ni sahihi. Orodha hiyo ya ukaguzi iongezwe mistari michache: daftari la majina ya wachukuzi wa kila siku, saini ya mwajiri anayewajibika kwao, kipimo cha gesi kinachofanya kazi, choo, na maji ya kunawa. Ghala lisilo na vitu hivyo lisipewe leseni ya msimu, hata kama ni la chama cha ushirika, na hata kama mwenyekiti wake anafahamika wilayani.