Kuwasha Mashine ya Boti kwa Betri

Ndugu wavuvi, wengi mna mashine za zamani za kuvuta kamba. Mkono unachoka. Je, mashine hiyo inaweza kuwashwa kwa betri? Ndiyo, lakini si kila mashine.

Fungua kifuniko cha juu. Tazama gurudumu zito linalozunguka ukivuta kamba. Mafundi huliita flaiwili. Je, lina meno pembeni? Kama halina, stata haina pa kushika. Tafuta flaiwili yenye meno ya mashine ya aina ile ile. Tazama pia kama pana mahali pa kufungia stata. Kama hapana, acha. Usikubali injini itobolewe ovyo.

Betri iwe ya volti 12. Ifunge imara ndani ya sanduku.

Sasa gia. Mashine ikiwaka ikiwa kwenye gia, boti huruka. Mtu huanguka majini, karibu na pangaboi. Mwambie fundi aweke swichi ya kuzuia stata mpaka gia iwe huru. Asipoiweka, usimlipe.

Na kamba usiitupe! Betri yangu iliwahi kuisha nikiwa mbali na pwani. Kamba niliiacha nyumbani. Nilipiga kasia mpaka usiku.