Uchafu wa Jikoni Hauui Mtoto

Mwanao wa miaka mitano akimwaga unga mezani na kuanza kuukoroga kwa maji, wewe humwambiaje? Aghalabu mzazi humfokea na kumfukuza akacheze nje. Huko nje, nyuma ya nyumba, kuna chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa.

Mimi hutibu watoto wa Kitale na Bungoma. Sijaletewa hata mmoja aliyeugua kwa sababu ya unga kichwani. Wanaoletwa ni wale waliokunywa kitu kutoka chupa isiyo na jina. Ndiyo sababu nasema tunakataza yasiyo na hatari na kuyaacha yenye hatari sakafuni.

Tangu mtaala wa CBC uanze kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, wazazi wamelalamika kwamba walimu huwatuma watoto nyumbani kutafuta vitu vya majaribio. Gharama ya kuchapisha picha naielewa. Lakini ndimu, majivu na manjano ya kupikia havimfilisi mtu.

Hebu jaribu hili Jumamosi. Koroga kijiko kidogo cha manjano katika nusu kikombe cha maji, mtoto apake karatasi nyeupe, kisha iachwe ikauke. Achovye kidole katika maji ya sabuni ya kufulia na kuchora atakacho. Mchoro utageuka mwekundu. Akidondoshea ndimu, umanjano utarudi. Sasa mwombeni nyanya yake musherekha kidogo, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo akina mama wa Bungoma hulainishia mrenda. Mtu mzima ndiye adondoshe, kwa maana yakiwa makali huchoma macho. Karatasi itakuwa nyekundu tena, kwani musherekha na sabuni ni jamii moja, na ndimu ni mpinzani wao. Mtoto atafahamu kwamba nyanya yake amekuwa akifanya kemia miaka yote hiyo. Mvike fulana kuukuu, manjano hayatoki upesi.

La pili nalipenda zaidi kama daktari. Mpake mtoto mafuta ya kupikia viganjani, umnyunyizie majivu yaliyopoa. Mwambie anawe kwa maji matupu. Atasugua, atacheka, na weusi utabaki pale pale. Kisha mpe sabuni, asugue huku akihesabu hadi ishirini. Sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, hivyo uchafu ukaondoka nayo. Kuhara bado kunaua watoto wadogo, na mtoto aliyeona jambo hili kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa kila anapotoka chooni.

(Ukitaka uji unaokuwa mgumu ukiupiga na kulainika ukiuacha, tumia konifloa. Unga wa ugali haufanyi hivyo, hata uwe wa mahindi ya Kitale.)

Kabla ya yote hayo, zunguka nyumba yako. Mafuta ya taa, asidi ya betri na dawa ya kuhifadhia mahindi viwe juu, chini ya kufuli, na visitiwe kamwe katika chupa za soda. Jik isichanganywe na ndimu, siki wala dawa ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Betri ndogo za duara, zile za saa na vinyago, zikikwama kooni huweza kuunguza vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Njugu na maharagwe mabichi si vya kuchezewa na mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Na majaribio ya moto, yale ya kuwasha spiriti ili watoto washangilie, mimi siyataki nyumbani hata kidogo.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimlazimishe kunywa maziwa. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari ilipo. Mvue nguo zilizolowa, umkimbize hospitalini papo hapo, hata kama anaonekana mzima. Beba na chupa yenyewe, hata ikiwa imebaki tone moja.