Viambishi tuwaachie wakutubi
Na Saumu Mbwana

Fungua ukurasa wowote wa gazeti kwenye kompyuta, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuona chanzo cha ukurasa. Karibu na juu utakuta mistari yenye og:title, og:image na mingine ya aina hiyo. Ndiyo inayofanya habari unayoituma WhatsApp itokee na kichwa na picha yake. Herufi og ni kiambishi: kinaieleza mashine kwamba title hii ni ya Open Graph, mpango ulioletwa na Facebook mwaka 2010.

Title ziko nyingi, kila msamiati wa data na yake. Katika Dublin Core ni jina la kitabu au makala. Katika vCard ni cheo cha mtu kazini, na katika FOAF ni Bwana, Bibi au Daktari. Kuitaja bila ukoo wake ni sawa na kuita "Juma!" katikati ya Kariakoo. Kwa sababu hiyo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliidhinisha neimspesi mwaka 1999: kila msamiati uwe na anwani yake kamili, na anwani hiyo ifupishwe kwa kiambishi.

Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Ninachokipinga ni kumtwika mwandishi wa ukurasa kazi hiyo. Kiambishi kinatangazwa huku, kinatumika kule. Kwa mujibu wa kanuni, og haina utukufu wowote. Ningeweza kuandika pilau:title, mradi nimetangaza kwamba pilau ni Open Graph. Ukitaka, jaribu, halafu utafute picha yako WhatsApp! Mashine nyingi zinatafuta herufi og tu, basi. Nao watengenezaji wa tovuti, ambao kazi yao kubwa ni kunakili na kubandika, wakabeba mistari na kuliacha tangazo. Facebook ikaipokea hivyo hivyo. Kama kuifuata kanuni hakumpi mtu kitu na kuivunja hakumpunguzii kitu, ataifuata nani?

Juni 2011 Google, Microsoft na Yahoo walikuja na Schema.org, msamiati mmoja wa mambo ya kila siku: hoteli, ajira, mapishi, habari. Mwenye nyumba ya wageni Paje akitaka kutaja bei kwa shilingi anaandika priceCurrency, kisha TZS, bila kiambishi. Akitumia JSON-LD, namna ya kuandika data hizo iliyoidhinishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2014, ukoo wa maneno yote anautaja mara moja kwenye mstari wa @context. Neimspesi bado ipo, ila haimsumbui.

Wako wanaolalamika kwamba hivi tumewakabidhi wenye injini za utafutaji madaraka ya kuamua tuite vitu vipi. Wana hoja. Makumbusho yenye vyombo vya kale, au watafiti wa kilimo wanaotumia AGROVOC, msamiati wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hawatapata kila wanachohitaji katika Schema.org. Hao neimspesi inawafaa kweli, nao wana wataalamu wa kuitunza.

Ombi langu ni kwa wanaofundisha utengenezaji wa tovuti vyuoni. Somo la data lianze na JSON-LD na Schema.org. Viambishi vije mwaka wa mwisho, kwa watakaokwenda kufanya kazi maktaba na makumbusho.