Kinu Kwanza, Mashine Baadaye: Espreso ya Nyumbani kwa Bajeti ya Ndhiwa

Leo tunaweka programu kando kidogo, ingawa hatuendi mbali, maana ninachotaka kukizungumzia hukaa mezani karibu na kompyuta ya karibu kila mwandishi wa programu ninayemfahamu: kikombe cha kahawa.

Kuna swali ninaloulizwa sana na vijana wenzangu wanaofanya kazi za mtandaoni kutoka nyumbani. "Nimeweka akiba ya shilingi 30,000. Ninunue mashine gani ya espreso?" Jibu langu huwaudhi. Nawaambia wasianze na mashine. Nunua kinu cha kusagia kahawa kwanza, tena kizuri, halafu kitakachobaki ndicho utafutie mashine. Na kama unaishi Ndhiwa kama mimi, mashine hiyo isiwe ya stima.

Elfu thelathini si pesa za kuchezea. Kwa wengi wetu ni akiba ya miezi kadhaa. Kwa hiyo niruhusuni nitetee msimamo wangu hoja kwa hoja.

Espreso ni nini hasa?

Espreso si kahawa kali tu. Ni kahawa iliyosagwa laini, ikashindiliwa ndani ya kikapu kidogo cha chuma, kisha maji moto yakasukumwa yapite katikati yake kwa presha ya takriban mara 9 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Kipimo cha kawaida cha kuanzia ni gramu 18 za unga, upate gramu 36 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30, maji yakiwa na joto la nyuzi 90 hadi 96.

Achille Gaggia wa Milan alisajili ubunifu wake mwaka 1938, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine zake zenye mkono wa kuvuta ndizo zilizoleta presha kubwa na lile povu la hudhurungi tunalolifahamu. Pampu ya umeme ilipata umaarufu baadaye, kwa mashine ya Faema E61 ya mwaka 1961. Kumbuka hilo: espreso kama tunavyoijua ilianza kwa nguvu za mkono. Tutalirudia.

Kwa nini kinu?

Kila mtu hapa anajua kinu cha posho. Mawe yakichakaa, unga unatoka na chenga, na hakuna mpishi awezaye kuuokoa. Ugali unakuwa na vipande vibichi katikati hata kama sufuria ni mpya na moto ni mzuri. Kahawa ni hivyo hivyo, ila yenyewe haina huruma hata kidogo.

Maji yenye presha hutafuta njia rahisi. Unga ukiwa na chenga na vumbi pamoja, maji hupita haraka kwenye chenga bila kuchukua kitu, na kwenye vumbi huchukua kila kitu mpaka uchungu. Ndiyo maana utakunywa kikombe kimoja chenye uchachu na uchungu kwa wakati mmoja, kisha ulaumu mashine. Mashine haina kosa. Sisi waandishi wa programu tuna msemo kwamba ukiingiza takataka utatoa takataka, hata kompyuta iwe na kasi namna gani.

Blenda ya jikoni haisagi, inakatakata. Unachohitaji ni kinu chenye meno mawili ya chuma yanayosagana, na ambacho unaweza kurekebisha nafasi kati ya meno hayo kwa hatua ndogo sana. Hapo kwenye hatua ndipo wengi hudanganyika. Timemore C2 ni kinu kizuri kwa kahawa ya kuchuja, lakini hatua yake moja ni zaidi ya mikromita 80. Kwa espreso hiyo ni kama redio isiyoweza kusimama katikati ya stesheni mbili: hatua moja maji yanakimbia, hatua inayofuata yanakwama. Kingrinder K6 ina hatua ya mikromita 16. Vinu vya 1Zpresso vilivyotengenezewa espreso navyo vina hatua ndogo. Vyote hivi ni vya kuzungusha kwa mkono. Mkono utachoka kidogo, kweli, lakini ukinunua kinu cha umeme kwa bei hiyo hiyo, sehemu kubwa ya pesa imelipia mota, siyo meno.

Ile namba 15 kwenye katoni

Ukiingia supamaketi utakuta mashine ndogo zimeandikwa "15 bar" kwa herufi kubwa. Mnunuzi anadhani 15 inashinda 9. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ambayo pampu inaweza kufikia. Haimaanishi kwamba presha hiyo ndiyo inayoifaa kahawa yako. Ni kama kununua gari kwa kuangalia namba ya mwisho kwenye kipima mwendo.

Mashine hizo mara nyingi huja na kikapu chenye kuta mbili na kitundu kimoja kidogo chini. Kitundu hicho ndicho kinachobana maji na kutengeneza povu, hata ukitumia kahawa iliyosagwa mwaka jana. Povu linapendeza kwa macho, ladha haimo. Ukiwa tayari unayo mashine ya namna hiyo, usiitupe. Tafuta kikapu cha kawaida chenye matundu mengi kinachoingia humo, na pesa zilizobaki weka kwenye kinu.

Stima yetu

Sasa tuje nyumbani. Mashine ya kawaida ya espreso hula wati 1,300 hivi. Kompyuta yangu ya mapajani hula kama 60. Yaani mashine moja ni sawa na kompyuta zaidi ya ishirini kwa mpigo. Stima ikipotea, na mnajua inavyopotea mvua ikianza kunyesha, betri na sola ndogo ya nyumbani itawasha taa, simu, modemu na kompyuta. Mashine ya kahawa haitaiweza.

Kuna pia zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani. Kule umeme ni volti 120, huku ni 240. Kifaa cha kuchemshia maji ukikipa volti mara mbili, kinavuta nguvu mara nne: cha wati 1,200 kinajaribu kuwa cha 4,800. Hakimalizi kikombe cha kwanza. Kibadilisha umeme cha kubeba mzigo huo ni kizito na si cha bei ya mchezo. Shangazi akiuliza akuletee nini, mwambie akuletee kinu cha mkono. Hakijui volti.

Ndiyo maana napendekeza mashine ya mkono kama Flair. Unachemsha maji kwenye meko ya gesi au hata jiko la makaa, unamimina, unashusha mkono wa chuma polepole. Hakuna pampu, hakuna boila, hakuna waya. Kinachochakaa ni pete za mpira, ambazo unaweza kubadilisha mwenyewe bila kumtafuta fundi Homa Bay.

Na hapa jiografia inatusaidia. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Maji hupoteza karibu nyuzi moja ya kiwango cha kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi au chini kidogo. Yakichemka tu, tayari yako ndani ya kiwango cha espreso! Huhitaji kipimajoto. Pasha kile chuma moto kwanza ili kisinyonye joto, kisha mimina bila kusubiri.

Mgao wangu wa elfu 30

1. Kinu: nusu ya pesa au zaidi. K6 huuzwa nje kwa dola mia moja na kitu, yaani kama shilingi 13,000, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Piga hesabu ya vyote kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua.

2. Mashine ya mkono: kinachobaki. Flair ya bei ya chini nayo iko kwenye dola mia moja hivi. Pesa zikipungua, subiri mwezi mmoja au miwili, lakini usipunguze kwenye kinu.

3. Mzani mdogo wa dijitali unaopima hadi sehemu ya kumi ya gramu. Bila mzani unabahatisha.

Na mwenye pesa pungufu? Anunue kinu hicho hicho, kisha birika la moka, lile la Bialetti lililoanza mwaka 1933, au lolote la aina hiyo. Presha yake ni ndogo, kwa hiyo siyo espreso halisi, lakini inakaribia, na kinu kitakungoja mpaka mashine ije. Aliyeanza na mashine akakosa kinu hana cha kunywa leo wala kesho.

Kahawa yenyewe

Hapa tusijidanganye na herufi. AA ni ukubwa wa punje, siyo ladha. AB au PB kutoka kiwanda kilekile inaweza kukupendeza zaidi na bei ikawa nafuu. Tazama tarehe ya kukaangwa, nunua punje nzima, na umalize pakiti ndani ya wiki chache. Kahawa zetu zina uchachu wa asili, kwa hiyo kwa espreso anza na iliyokaangwa wastani.

Ukianza kupima, fanya kama unatafuta kasoro kwenye programu: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Maji yakipita kwa sekunde 15, saga laini zaidi, mengine yote yaache. Yakichukua sekunde 45, legeza. Andika namba zako. Siku ya tatu utakuwa karibu.

"Lakini hii si anasa?"

Hoja hii naiheshimu. Sisi ni watu wa chai ya maziwa, na hakuna ubaya. Lakini tazama ramani. Kisii ni jirani zetu, na mibuni imelimwa kule tangu miaka ya 1930. Nchi hii ilitoa SL28, mojawapo ya mbegu za kahawa zinazosifiwa sana duniani. Kisha karibu yote tunaipakia kwenye magunia kwenda Mombasa na kupanda meli, nasi tunabaki na unga wa mkebe. Sukari tunayo, tumezungukwa na miwa. Kahawa iko mlimani pale. Kinachokosekana katikati ni chombo cha kuisaga.

Kwa hesabu, pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe 13. Chukua bei ya pakiti, gawanya kwa 13, kisha linganisha na kikombe kimoja cha mkahawani Nairobi. Kinu kitajilipa chenyewe, tena kitadumu miaka. Kompyuta unayosomea makala haya itazeeka kabla yake.

Kwa hiyo nasisitiza: kinu kwanza. Mwenye hoja ya kunipinga alete, ila aje na mzani na namba zake. Kwa leo nakomea hapa.