Udaktari Hauna Mlango Mmoja
Kijana wa Hasamba, mkoani Songwe, anayehitimu kidato cha sita akitamani udaktari, hakosei akiomba nafasi Harvard. Hukosea akiliweka tumaini lake lote huko. Chuo hicho hupokea waombaji wasiofika 5 katika kila 100, na huwaacha hata wenye uwezo mkubwa. Tena, nchini Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka 4, kisha 4 mingine. Muhimbili huanza mara baada ya kidato cha sita, kwa miaka 5. Mhudumu wa afya anayeombwa ushauri na amweleze mapema: aombe huko, aombe na nyumbani. Barua ya kukataliwa haipimi akili wala utu, na wagonjwa wa Songwe wanamhitaji.