Adimu kwa Nani?

Wapo wanaotetea ukusanyaji wa sarafu za kale za dhahabu za Marekani kwa hoja moja kuu: kwamba mkusanyaji ni mlinzi wa historia. Hoja hii ni kweli nusu. Nusu ya pili haisemwi.

Tuitazame sarafu ya dola 5 ya mwaka 1822. Kumbukumbu za kiwanda cha sarafu cha Philadelphia zinaonyesha kwamba mwaka huo zilitengenezwa 17,796. Leo zinajulikana 3 tu. Zilikwenda wapi? Sheria ya mwaka 1792 ilisema dhahabu ina thamani mara 15 ya fedha ya uzito ule ule, ilhali Ulaya thamani hiyo ilikaribia mara 15.5. Wafanyabiashara walijua hesabu. Walizipeleka sarafu ng'ambo, zikayeyushwa. Mwaka 1834 sheria ikapunguza dhahabu iliyomo katika sarafu mpya, na zile za zamani zikazidi kutumbukizwa tanurini. Basi uadimu unaosifiwa mnadani ni kovu la sera mbovu, wala si sifa ya sarafu yenyewe.

Ni kweli kwamba wakusanyaji waliokoa sarafu nyingi. Josiah K. Lilly alikusanya sarafu za dhahabu zaidi ya 6,000, na moja kati ya zile 3 ilikuwa yake. Lakini zilifikaje katika makumbusho ya Smithsonian? Baada ya kifo chake, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1968 ya kuwasamehe warithi kodi ya mirathi, takriban dola milioni 5.5. Kwa maneno mengine, umma uligharimia.

Makumbusho hayo sasa yana mbili. Ya tatu iliuzwa mnadani Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Sheria inampa mnunuzi haki ya kuifungia kabatini. Haimpi haki ya kujiita mlinzi wa historia. Mlinzi humlindia mtu mwingine. Anayejilindia mwenyewe ni mwenye mali tu, na aitwe hivyo.

Anayetaka jina la mlinzi atimize masharti yake: sarafu ipigwe picha, ipimwe, iandikiwe historia ya mikono iliyopitia, na iazimwe kwa makumbusho watu waione. Bila hayo, tofauti yake na tanuri ni ndogo: vyote viwili vimeiondoa sarafu machoni petu.